Boksi la stiliwaya

Mtihani wa nadharia ya sanaa ya kisasa ni Jumatatu, na mimi Jumamosi nzima nimeshinda dukani kwa mama, nauza huku nasoma. Daftari nimeliweka juu ya boksi la stiliwaya. Makusudi, maana mada yenyewe ndiyo hiyo.

Aprili 1964, New York, msanii Andy Warhol alijaza ukumbi wa Stable Gallery maboksi ya plaiwudi yaliyopakwa rangi na kupigwa chapa yakafanana na ya Brillo, stiliwaya zenye sabuni. Yalirundikwa kama stoo. Mwanafalsafa Arthur Danto akaingia, akatoka na swali: kama kwa macho hili na la dukani ni yaleyale, kwa nini moja liwe sanaa? Jibu aliloliandika mwaka huohuo ni kwamba jicho halitoshi. Lazima pawepo nadharia na historia ya kulipa boksi nafasi yake, yaani ulimwengu wa sanaa. Nimelisoma mara nne. Ya tano nikamsomea mama.

"Kwa hiyo mpaka uambiwe?"

"Mpaka ujue, mama."

"Mh."

Nikamwambia ya Kanada. Mwaka 1965 muuza sanaa wa Toronto alitaka kuyaingiza nchini maboksi ya Warhol, watu wa forodha wakagoma kuyaita sanamu. Hizi bidhaa, lipa ushuru! Hapo mama akaacha kupima mchele, akacheka mpaka akakaa. Danto hajamgusa, ila mambo ya ushuru anayaelewa.

Halafu akauliza, "Na aliyechora la dukani, yeye je?"

Darasani hatujawahi kuulizwa hilo. Ni James Harvey. Alikuwa msanii kabisa, mchoraji wa picha za dhahania, ila kazi ya kumlisha ilikuwa kubuni maboksi ya biashara. Yale mawimbi mekundu na meupe ni mkono wake. Alifariki 1965, bado kijana. Picha zake mimi sijawahi kuonyeshwa hata moja. Nimemfahamu kwa boksi.

"Basi liandike hilo kwenye mtihani, mwanangu."

"Mama, halina maksi hilo."

Hakunijibu. Mtoto wa jirani alikuwa mlangoni na sarafu mkononi, anataka stiliwaya mbili, ikabidi niinue daftari.