Kioo, rasta na bahasha ya harambee

Kisumu, Jumapili jioni

Mahubiri ya leo yalihusu majivuno, na mifano yote iliyotolewa ilikuwa ya wanawake: nywele za bandia, kucha, wanja, picha za kujipiga kwa simu. Mhubiri mgeni, mtu mwenye sauti nzuri na bidii ya kweli, alisoma 1 Petro 3 na 1 Timotheo 2, akamalizia na Isaya 3, pale binti za Sayuni wanapohesabiwa vikuku, hazama na vioo vyao kimoja kimoja. Mabinti wa kundi la vijana walisikiliza wakiwa wameinamisha vichwa. Mmoja wao ni mtoto wa kaka yangu, ambaye amesuka rasta juzi kwa ajili ya likizo. Tukiwa njiani kurudi nyumbani aliniuliza, “Shangazi, sasa nizifumue?”

Nilimwambia asifumue. Nimelifikiria jibu hilo mchana kutwa, kwa sababu mtoto anayeuliza hivyo anastahili zaidi ya neno moja, na kwa sababu mimi naamini majivuno ni dhambi kweli, tena dhambi inayokula mtu polepole. Sitaki adhani nilikuwa natetea saluni tu.

Saluni yenyewe naijua, mimi ndiye niliyempeleka. Ni kibanda cha mabati huko Kondele chenye viti vitatu vya plastiki. Msusi aligawanya nywele kwa mkia wa kitana, akafungua pakiti za uzi, akasuka mpaka vidole vyake vikaanza kung'aa kwa mafuta. Alipomaliza alimimina maji ya moto kutoka kwenye thamosi hadi ndani ya jagi, akachovya ncha za rasta fungu kwa fungu na kuzikausha kwa taulo kuukuu lililokuwa begani mwake. Binti alijitazama kwenye kioo chenye ufa pembeni, akatabasamu, akamwambia, “Asante sana, mama.” Nilikuwepo. Nilichokiona kwenye uso ule ni furaha na shukrani, na sijui andiko linalokataza mtu wa miaka kumi na saba kufurahia kichwa ambacho Mungu amempa.

Tusome basi maandiko yenyewe, kwa sababu hayawezi kukwepwa. Petro anasema kujipamba kwa wanawake kusiwe kwa nje, “yaani, kusuka nywele, na kujitia dhahabu, na kuvalia mavazi.” Tukilichukua neno hilo kama marufuku ya kusuka, basi lazima tulichukue pia kama marufuku ya kuvaa nguo, maana vitu vitatu vimetajwa kwa pumzi moja. Hakuna anayelisoma hivyo. Petro anazungumzia mahali uzuri wa mtu unapokaa, naye anauweka katika “utu wa moyoni usioonekana”. Paulo anapomwandikia Timotheo anataja nywele pamoja na dhahabu, lulu na nguo za thamani. Katika miji ya Warumi, mitindo mikubwa ya nywele yenye dhahabu ndani yake ilikuwa ya wake wa matajiri waliokuwa na watumwa wa kuwapamba. Mwanamke wa namna hiyo akiingia katika kanisa la nyumbani, ameketi karibu na kijakazi, kila mtu anajua nani ni nani kabla wimbo haujaanza. Rasta za Kondele zinakaa zaidi ya mwezi na zinamwokolea msichana pesa na muda wa asubuhi. Haziko katika mizani moja na lulu hizo.

Na Isaya 3! Hapa ndipo nilipoumia. Mhubiri alianzia mstari wa 16. Angerudi nyuma mistari miwili tu, angekuta Bwana akiingia hukumuni na wazee na wakuu wa watu wake, akiwaambia kwamba mali waliyomnyang'anya maskini imo nyumbani mwao, akiwauliza wana maana gani kuzisaga nyuso za maskini. Vikuku na vioo vinafuata baada ya hayo. Mapambo yale yanalaaniwa kwa sababu yamenunuliwa kwa jasho la watu walioporwa, na kwa sababu shingo iliyonyoshwa haiwatazami tena. Ukikata sura ile katikati unabaki na nabii anayegombana na wasichana, huku wazee wamepona.

Bwana Yesu mwenyewe alisema mengi kuhusu kujionyesha, na karibu yote yaliwahusu wanaume, tena wa dini. Mathayo 23: wanaongeza matamvua ya mavazi yao, wanapenda viti vya mbele katika karamu na kusalimiwa masokoni. Mathayo 6: wanasali wakiwa wamesimama kwenye pembe za njia, wanakunja nyuso ili ionekane kwamba wamefunga. Dawa anayoitoa kwa hao wa kukunja uso nimeirudia leo mara nyingi: “Bali wewe ufungapo, jipake mafuta kichwani, unawe uso.” Anamwambia mtu ajitengeneze! Mahali hapo mtu anayejivuna ndiye aliyeacha kunawa, na mnyenyekevu ndiye aliyepaka mafuta, kwa sababu yule wa kwanza anataka kutazamwa na huyu wa pili hataki.

Wakristo wa zamani walilielewa hili vizuri kuliko sisi. Evagrius, mtawa aliyeishi katika jangwa la Misri katika karne ya 4, aliandika orodha ya mawazo manane mabaya yanayomshambulia mtu wa Mungu, na humo aliweka kiu ya kusifiwa peke yake na kiburi peke yake. Baadaye, kwa karne nyingi, hiyo kiu ya sifa ilimezwa ndani ya kiburi katika orodha ya dhambi kuu saba, na nadhani tulipoteza kitu hapo. Mwenye kiburi hajali unamwonaje. Mwenye kiu ya sifa hajali kitu kingine chochote. John Cassian, aliyejifunza kwa watawa wa jangwa hilo, anasimulia kwamba wazee waliifananisha dhambi hii na kitunguu: ukibandua ganda moja, jingine liko chini yake. Anasema ikishindwa kumnasa mtu kwa nguo nzuri humnasa kwa nguo chakavu. Na Mtakatifu Augustino, akiieleza Hotuba ya Mlimani, anasema kujionyesha kwa mavazi machafu ni hatari zaidi, kwa sababu kunadanganya kwa jina la kumtumikia Mungu.

Hilo la nguo chakavu nalielewa kutoka nyumbani. Nimelelewa karibu na Kaimosi, magharibi mwa Kenya, ambako wamishonari watatu wa Friends, yaani Wakristo wanaoitwa pia Quaker, kutoka Marekani walifungua misheni mwaka 1902. Leo Kenya ina Quaker wengi kuliko nchi nyingine yoyote duniani. Nyanya yangu hakuvaa hereni wala hakusuka nywele. Alikuwa na gauni la Jumapili alilolipiga pasi ya makaa Jumamosi jioni, na kitambaa cha kichwa. Sikumsikia hata siku moja akimsema mwanamke aliyevaa tofauti. Lakini walikuwepo wengine kijijini ambao unyofu wa mavazi kwao ulikuwa rula ya kupimia wenzao, na mtoto alijua mapema kabisa ni nyumba gani akifika na shanga ataangaliwa kuanzia juu hadi chini. Margaret Fell, mmoja wa mama wa mwanzo wa Quaker na mjane wa mwanzilishi wao George Fox, aliwaonya ndugu zake kuhusu jambo hilo hilo mwaka 1700, akiwa na umri uliopita miaka themanini. Walikuwa wameanza kudai watu wote wavae mtindo mmoja na rangi moja, naye akawaambia kwamba hiyo ni injili duni. Natamani nyanya angeusoma waraka ule. Nadhani angetikisa kichwa kukubali.

Kuna mtu mwingine aliyekuwa kanisani leo ambaye moyo wangu ulikuwa kwake wakati wote wa mahubiri. Anaimba sauti ya pili kwaya, amekaa kando yangu miaka. Dawa za saratani zilimnyonyoa nywele, nazo zimerudi kwa mabaka. Anavaa wigi. Mhubiri aliposema “nywele za maiti mnazobeba kichwani”, mkono wake ulipanda polepole hadi kwenye sikio, akalishika wigi kama mtu anayezuia kofia wakati wa upepo wa ziwani. Nilikasirika, na bado nimekasirika. Thomas Aquinas, katika karne ya 13, hakuwa mtu wa kulegeza mambo, aliwakemea wanawake waliojipaka rangi, lakini hata yeye alitenganisha kudanganya watu kwa uzuri usio wako na kuficha dosari iliyoletwa na ugonjwa au sababu nyingine kama hiyo. Hilo la pili alisema ni halali. Kama mtawa wa zama hizo aliweza kusimama na kuuliza kwanza ni kwa nini mwanamke amejifunika, sisi tunashindwaje?

Kuhusu picha za simu nitasema kidogo tu. Kujipiga picha si dhambi. Kupiga arobaini, kufuta thelathini na tisa, kisha kukaa macho hadi usiku wa manane ukihesabu nani amependa na nani amepita kimya, hapo kuna mtu ambaye utulivu wake uko mikononi mwa wengine, na namwombea mpwa wangu asifike huko. Akifika, tatizo halitakuwa la msichana tu. Mahubiri hupigwa picha pia.

Linaloniuma zaidi liko mbele ya kanisa, mchana kweupe, na limezoeleka. Juzi tulikuwa na harambee ya paa. Meza mbele, mshereheshaji na kipaza sauti, bahasha zinafunguliwa moja moja. “Mheshimiwa na familia yake, elfu hamsini! Makofi ya kilo!” Tulipiga. Aliyetoa elfu ishirini alipewa dakika ya kusalimia watu, nayo ikawa kumi. Mama mmoja muuza omena alikuwa benchi la nyuma na noti iliyokunjwa ndogo sana ikiwa imefungwa kwenye pindo la leso. Alifungua fundo, akatazama ile meza, akalifunga tena. Mwishoni mtoto alipita na kikapu, naye akaitia humo. Mtangazaji akasema, “Na wengine wote, Mungu anawajua.” Ni kweli anawajua. Lakini mbona hatukuona kwamba hilo latosha pia kwa Mheshimiwa?

Bwana alisema, “Usipige panda mbele yako.” Sisi tumenunua panda, tumeiunganisha na spika, na kumkodi mtu wa kuipiga. Ninajua si kanisa letu peke yake. Ndiyo maana nilifurahi Septemba 2021, pale Butere, siku Rose Okeno aliposimikwa kuwa askofu, wakati Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit alipotangaza kwamba wanasiasa hawatahutubia tena kutoka madhabahu za Kianglikana: waje, wakae kama waumini wengine. Siku ile ile mwanamke wa kwanza wa Kenya anapewa dayosisi aiongoze katika kanisa hilo, viti vya mbele vikaguswa. Nakumbuka nilivyosimama jikoni na redio nikisema amina peke yangu.

Majivuno basi nayatambua kwa mtu anayefanywa mdogo ili mwingine aonekane. Yule wa leso. Yule mwenye wigi. Pia wale kina mama ambao Siku ya Akina Mama wanakopa kwa simu ili wapate kitenge cha sare, na wasiopata wanakaa nyumbani wakisema wana homa. Jumapili waumini wa makanisa ya Roho hupita mtaani kwetu na ngoma na bendera, kanzu nyeupe zenye misalaba myekundu, mwalimu na mwendesha boda wakiwa hawatofautiani. Sare inaweza kusawazisha watu au kuwachuja, na ni lazima kanisa lijiulize yake inafanya lipi.

Simaanishi kwamba sifa ni sumu. Mtu akiniambia nimeimba vizuri nafurahi, nasema asante, sioni sababu ya kujifanya sikusikia. Bwana aliyesema tutoe kwa siri ndiye aliyesema nuru yetu iangaze mbele ya watu, wapate kumtukuza Baba. Mambo hayo mawili yamo katika hotuba moja.

Jioni hii nimempigia simu mweka hazina, nikamwomba harambee ya Desemba bahasha zisisomwe majina, jumla itangazwe tu. Ni mzee ninayemheshimu, na hakunijibu vibaya. Alisema, “Dada, paa haliwezekani bila majina. Na hata Daudi alitangaza.” Ni kweli: katika 1 Mambo ya Nyakati 29, Daudi anataja mbele ya mkutano talanta elfu tatu za dhahabu alizotoa yeye mwenyewe, na wakuu wanafuata. Nikamwomba asome mpaka mstari wa 14, ambapo mfalme huyo huyo anauliza yeye ni nani hata aweze kutoa, ilhali vyote vimetoka kwa Mungu. Alinyamaza kidogo, akasema atausoma kesho akiwa na miwani. Kikao cha kamati ni Alhamisi baada ya maombi. Nimeomba jambo hili liingizwe kwenye ajenda, na yule rafiki yangu wa kwaya amesema atakuja.