Siku ya mchoraji anayerudi kazini

Saa 2 asubuhi. Watu hudhani mchoraji aliyekaa kitambo bila kuchora hungoja ari imshukie. Kumbe asubuhi yake huishia kwenye vifuniko vilivyogandiana. Chovya kichwa cha tyubu ya rangi ya mafuta kwenye maji ya moto dakika moja, kisha zungusha kifuniko kwa koleo huku umeshika shingo. Ukishika tumbo, tyubu itapasuka. Yakitangulia kutoka mafuta matupu, rangi haijaharibika. Imejitenga tu, ikoroge. Akriliki iliyokaukia ndani, itupe. Rangi za maji zenyewe hazina neno, hata zikikauka miaka, tone moja huziamsha.

Saa 3, mkono. Penseli ya 4B, karatasi usizozionea uchungu, michoro 20 ya sekunde 30 na miwili ya dakika 5. Mwendo utoke begani, si kwenye kifundo. Kumi ya mwanzo itakuwa mibaya. Jicho halikulala muda wote huo, liliendelea kutazama na kuchambua. Uliolala ni mkono. Pengo hilo ndilo watu huliita kuishiwa kipaji, wakafunga daftari.

Saa 5, ubao wa sentimita 20 kwa 25 uliokwisha pakwa jeso (rangi nyeupe ya msingi), kikombe cha kuchora mezani, rangi 4 tu: nyeupe, oka ya manjano, siena iliyochomwa (kahawia nyekundu) na bluu ya altramarini. Nyingi zaidi ya hizo ni kujitafutia matope, yaani rangi chafu.

Na matope huja vilevile. Alasiri nzima hupotelea kwenye kivuli cha kikombe. Altramarini na siena hutoa kijivu kizito kizuri, lakini chini yake kuna nyeupe mbichi. Kila ukipitisha brashi inapanda juu, kivuli kinageuka chaki. Unaongeza giza, kinazidi kupauka. Unasugua, kingo zinayeyuka. Hapo simu inalia, mteja: “Bado tu? Si kupaka rangi tu?” Mweleze kwamba rangi ya mafuta hukauka kwa siku, si kwa saa, halafu rudi ukute jua la dirishani limehama na kivuli kimekwenda upande wa pili. Ndiyo maana ukingo wa kivuli huwekwa alama mapema, na alama hiyo ndiyo ifuatwe, si jua. Dawa ya matope ni kisu: kwangua mpaka kwenye jeso, futa brashi kwa kitambaa, weka rangi mara moja, uiache. Hiyo ya kuiacha ndiyo ngumu.

Saa 10, au 11, mgongo ndio unaojua. Kishikio cha kikombe usikimalize hata kama mkono umechangamka; changanya rangi yake sasa, ifunike kwa plastiki, kesho uanzie hapo. Osha brashi kwa sabuni mpaka povu litoke jeupe. Vitambaa vyenye mafuta ya kitani visirundikwe pembeni, hujipasha joto vyenyewe na kuweza kuwaka moto. Viloweke majini ndani ya kopo la bati, funika.