Michanganyiko 32 ya tofali, nikafanya 16

Yadi yetu ya tofali iko Tegeta, na kilichokuwa kinatuumiza kichwa kinawaumiza wafyatuaji wengi wa Dar: mfuko mmoja wa saruji utoe tofali ngapi bila kona kumeguka? Vitu vya kujaribu vilikuwa vitano: saruji, maji, mchanga (mtupu au wenye vumbi la kokoto), muda wa mtetemo wa mashine na siku za kumwagilia. Kila kimoja nikakipa viwango viwili tu, cha chini na cha juu.

"Dada, si ubadilishe kimoja kimoja, vingine uviache?" fundi akaniuliza. Wengi ndivyo wanavyofanya. Ila kwa njia hiyo huwezi kuona vitu viwili vinavyotegemeana, na kwenye tofali hapo ndipo penye mambo.

Vitu vitano kwa viwango viwili ni michanganyiko 32. Saruji ya kuchezea hivyo hatukuwa nayo. Mwaka 1945 mtakwimu Mwingereza, David Finney, alionyesha kuwa unaweza kufanya sehemu tu, mradi uichague kwa kanuni. Nikachukua daftari, vitu vinne vya kwanza nikaviandikia alama za kujumlisha (kiwango cha juu) na kutoa (cha chini) kwa namna zote 16. Alama ya kumwagilia nikaipata kwa kuzidisha zile nne. Basi! Kila kitu kinapimwa kwa michanganyiko 8 dhidi ya 8, na kama athari za vitu vitatu kwa pamoja ni ndogo, kila jozi ya vitu inasomeka peke yake.

Kazi isingeisha siku moja, nikaigawa kwa siku mbili. Hiyo ina bei yake: jozi moja lazima ijifiche nyuma ya tofauti za siku. Nikaitoa mhanga mtetemo na kumwagilia, jozi niliyoitegemea kidogo kuliko zote. Zamu za kufyatua tulizipata kwa kuchomoa karatasi kwenye ndoo, maana jua la saa saba si la saa mbili asubuhi. Fundi alicheka, lakini alichomoa.

Tofali zilizokorogwa pamoja nilizihesabu kipimo kimoja, kwa wastani wake, hata zikiwa sita. Zilivunjwa maabara zikiwa na siku 28.

Saruji iliongoza, hilo halikumshangaza mtu. Jipya lilikuwa vumbi la kokoto: maji yakiwa juu liliupita mchanga mtupu, yakiwa chini likashindwa. Mtetemo mrefu haukuongeza cha maana, tukaupunguza. Sasa tunarudia maji na vumbi kwa viwango vitatu, kwa sababu viwili havikuonyeshi maji yanapoanza kuzidi.