Meli zisizotangaza: rada na AIS zimekubaliana

Hatimaye madoa ya meli katika picha za rada za satelaiti ya Sentinel-1 na ishara za AIS (mfumo wa redio ambao meli hutangazia mahali zilipo, kasi na mwelekeo) vinakutana kwenye ramani yangu ya maji yaliyo kati ya Mogadishu na Lamu. Shabaha haijabadilika: doa la rada lisilo na ishara ya AIS ndilo linalostahili kuchunguzwa, hasa baada ya maharamia wa Kisomali kuiteka meli ya mizigo ya Ruen mwezi Desemba 2023.

Kilichonikondesha ni meli za mizigo zilizotangaza mahali zilipo kwa uaminifu, lakini programu ikazihesabu kuwa zimejificha kwa sababu madoa yake yalikaa mamia ya mita nje ya njia zilizoonyeshwa na AIS. Nilisawazisha saa za vyanzo vyote viwili, nikakadiria mahali pa kila meli katika sekunde ileile satelaiti ilipopita, na bado pengo likabaki, tena kwa zile zinazokwenda mashariki au magharibi tu. Jibu lilikuwa humo humo. Rada hii hupanga vitu kwenye picha kwa kupima mabadiliko ya masafa ya mwangwi. Kwa hiyo meli inayoisogelea satelaiti huchorwa mbele, kule satelaiti inakoelekea, na inayoiacha huchorwa nyuma. Meli ya kilomita 26 kwa saa inayokatiza njia ya satelaiti, yaani kwenda mashariki au magharibi, husogezwa karibu nusu kilomita, huku mkia wake majini ukibaki pale ilipopita kweli! Sasa nahesabu msogeo huo kutokana na kasi na mwelekeo wa AIS kabla ya kulinganisha, na orodha ya washukiwa imepungua hata naweza kuikagua kwa macho.

SNAP, programu ya kuchakata picha za satelaiti, ni hodari wa kusahihisha picha, ila inakula kumbukumbu ya kompyuta kama nzige shambani. Ulinganishaji nimeuhamishia PostGIS, hifadhidata ya data za ramani, na sirudi nyuma. Majahazi bado ni kitendawili: mbao hurudisha mwangwi hafifu, na wajibu wa AIS unazibana hasa meli za tani 300 na zaidi katika safari za kimataifa, ilhali maharamia huteka majahazi hayo hayo ili yawe kituo cha boti zao.

Nilipanga kuongeza data za upepo, lakini nimeuweka mpango huo kando, maana meli iliyozima AIS nayo huacha mkia, na umbali kati ya mkia na doa unafichua kasi yake. Nimeanza na meli ambazo kasi yake naijua tayari. Bahari ikiwa shwari makadirio yanaikaribia AIS, na ikichafuka mkia hauonekani kabisa.