Ramani ya Mchezo wa Ubao Haihitaji Kuchorwa Upya Kila Mara

Mchezo wa ubao unaochezwa kwenye kompyuta una sifa moja ambayo watengenezaji wengi wa programu huisahau wanapoanza kulalamikia ramani nzito: kwa sehemu kubwa ya muda, hakuna kinachotokea. Mchezaji anatafakari, mpinzani wake anasubiri zamu, vikosi vimetulia katika majimbo yao, na ramani iliyo mbele ya macho ni ileile iliyokuwapo nusu dakika iliyopita. Michezo ya mbio za magari haina nafuu hiyo, kwa kuwa kila fremu yake, yaani kila picha moja inayotokea kwenye skrini, huwa na sura mpya. Ndiyo maana, ninapoketi kuharakisha ramani ya namna hii, sianzi kwa kuuliza nitachoraje upesi zaidi. Nauliza ni kitu gani kilichobadilika tangu mchoro uliopita.

Skrini ya kawaida huonyesha picha mara 60 kwa sekunde, maana yake kila fremu ina takriban milisekunde 16.7 za kukamilika. Kuchora ramani nzima tangu mwanzo ndani ya muda huo, pamoja na mipaka yenye maelfu ya nukta, majina, bendera, na vikosi vyenye vivuli, ni kazi ambayo hata kompyuta nzuri inaweza kushindwa. Hata hivyo, kabla ya kugusa msimbo, ni lazima kupima, kwa sababu muda mara nyingi hupotelea mahali pasipotiliwa shaka: herufi zenye ukingo laini zinazoundwa upya katika kila fremu, au picha ya kikosi kilekile inayopunguzwa ukubwa tena na tena ilhali ingeweza kupunguzwa mara moja na kuhifadhiwa.

Kuna pia suala la kumbukumbu, ambalo hufichwa na ukubwa wa faili. Picha iliyobanwa inaweza kuonekana ndogo kwenye diski, lakini ikifunguliwa, kila pikseli huchukua baiti 4, na hivyo ramani yenye upana wa pikseli 8000 na kimo cha 5000 huhitaji megabaiti 160, bila kuhesabu tabaka nyingine. Dawa inayojulikana ni kuikata ramani katika vigae, yaani vipande vidogo vya mraba vyenye ukubwa sawa. Kwa vigae vya pikseli 256 kwa 256, ramani hiyo hutoa vigae 640, na skrini ya pikseli 1920 kwa 1080 haiwezi kugusa zaidi ya 54 kwa wakati mmoja, ambavyo jumla yake ni kama megabaiti 14. Tunabaki na vinavyoonekana, pamoja na safu moja ya ziada pembeni ili mchezaji anapoiburuta ramani asikutane na weusi, na nafasi ikijaa tunaondoa kigae kilichokaa muda mrefu zaidi bila kutumiwa.

Vigae vina faida nyingine ambayo kwangu ndiyo kubwa zaidi. Jimbo linapotekwa na kubadili rangi, vigae vinavyoguswa na jimbo hilo tu ndivyo vinavyochorwa upya. Vingine vyote hubaki kama vilivyo. Ili jambo hili lifanyike bila hesabu nyingi, mchezo unapofunguliwa huandaliwa jedwali linalotaja vigae vya kila jimbo. Hapa uangalifu unahitajika: vikosi na majina havitii mipaka, hivyo jedwali ni lazima lihesabu pia sehemu inayomwagikia kwa jirani, la sivyo skrini itabaki na nusu ya kifaru cha vita ambacho kilikwisha kuondoka zamu tatu zilizopita. Wengine huviweka vikosi katika tabaka ya peke yake juu ya ardhi, nami naupendelea utaratibu huo, kwani ardhi haibadiliki kamwe na rangi za umiliki hubadilika mara chache, wakati vikosi huhama kila zamu.

Kukuza na kupunguza ramani huleta tabu ya aina yake. Kupunguza picha kubwa katika kila fremu ni gharama, na matokeo huwa na mikwaruzo. Mbinu ambayo Lance Williams, mtaalamu wa michoro ya kompyuta, aliieleza mwaka 1983, ya kuhifadhi nakala kadhaa za picha, kila moja ikiwa nusu ya upana na nusu ya kimo cha iliyotangulia, inafaa hapa pia, na nakala hizo zote kwa pamoja huongeza theluthi moja tu ya kumbukumbu. Gurudumu la kipanya linapozunguka, vigae vilivyopo vinaweza kunyooshwa kwa njia ya haraka isiyo safi, kisha vikasafishwa gurudumu likitulia.

Kazi ya kusoma vigae kutoka diski isifanywe na uzi (mfululizo wa kazi ndani ya programu) uleule unaopokea mibofyo ya kipanya, kwa sababu mchezo utaganda hata kama uchoraji wenyewe ni wa kasi. Uzi wa pembeni uvishughulikie kwanza vile vinavyoonekana, na uache maombi ya vigae ambavyo mchezaji ameshavipita.

Kutambua jimbo lililo chini ya kipanya kwa kupima poligoni zote, yaani maumbo ya mipaka ya majimbo, ni upotevu. Kama majimbo hayafiki 256, picha ya siri isiyoonyeshwa kwa mchezaji, yenye baiti 1 kwa kila pikseli inayobeba namba ya jimbo lake, hujibu mara moja. Kwa nusu ya vipimo vya ramani yetu, huchukua megabaiti 10 tu.

Kadi ya michoro inaweza kubeba mengi kati ya haya, ila kuilazimisha ichore picha isiyobadilika mara 60 kwa sekunde ni kumaliza betri bure. Panapostahili kuangaliwa kwa makini ni zamu ya mpinzani anayeendeshwa na kompyuta, ambapo majimbo mengi yanaweza kubadilika kwa kufumba na kufumbua. Kila badiliko likidai mchoro wake, foleni hujaa. Ni afadhali mabadiliko yote yatie alama vigae vyake kuwa vimechakaa, kisha uchoraji ufanyike mara moja tu kwa kila fremu, hata kama kigae kimoja kimetiwa alama mara ishirini.