Siku ya afisa ustawi wa jamii Tukuyu, kuanzia simu ya mwalimu

Saa 1:30 asubuhi

Mwezi wa saba Tukuyu ukungu hauondoki mapema, na simu huita kabla ya chai. Wapigaji wa saa hizi ni walimu, kwa sababu mtoto aliyeumizwa usiku hujulikana akiwa mstarini: anakaa upande mmoja, sweta kalifunga hadi shingoni, ukimgusa bega anashtuka. Swali lao halibadiliki: "Nina wasiwasi tu, sina ushahidi. Nisubiri kwanza?"

Mwalimu, usisubiri. Kifungu cha 95 cha Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 kinamtaka kila mwanajamii mwenye ushahidi au taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa aifikishe kwa mamlaka ya serikali za mitaa ya eneo lake. Taarifa inatosha. Uchunguzi una wenyewe. Nenda kwa mtendaji wa kijiji au wa kata, ofisi ya ustawi, au Dawati la Jinsia na Watoto polisi. Ukiwa mbali na vyote, piga 116, simu ya bure ya huduma kwa mtoto.

Andika jina, umri, anaishi na nani, umeona alama gani na ziko wapi mwilini, saa ngapi, na alichosema mtoto kwa maneno yake mwenyewe. Mzazi usimpigie kwanza. Huenda anayemuumiza yuko humo humo nyumbani, na jioni mtoto atakuwa amefundishwa la kusema, au amesafirishwa kwa ndugu Mbarali.

Saa 3:00

Kama ni ukatili wa kingono, kinachohesabiwa ni saa. Dawa za kujikinga na VVU lazima zianze ndani ya saa 72, na zinahesabiwa tangu tukio lenyewe, hata kama taarifa imekuja siku ya pili. Zinamezwa siku 28. Binti aliyekwisha kuvunja ungo hupewa dawa ya kuzuia mimba ndani ya saa 120, na kila saa inayopita inapunguza nguvu yake. Kutoka vijiji vya milimani barabara ikiwa na utelezi, safari peke yake inaweza kula nusu ya siku, kwa hiyo simu ya bodaboda anayeaminika ni sehemu ya vifaa vya kazi.

Mtoto asiogeshwe. Wamama wengi huogesha kwa huruma, na akishaogeshwa usimlaumu mama, mpeleke hivyo hivyo. Nguo alizovaa zisifuliwe. Kila moja iingie kwenye bahasha yake ya kaki. Mfuko wa nailoni unafungia unyevu, nguo inaota ukungu, na kielelezo kinaharibika. Ikiwa mbichi, ianikwe ndani, kivulini. Juu ya bahasha andika nani kakabidhi, nani kapokea, tarehe na saa. Pasipo mlolongo huo, wakili wa utetezi atauliza bahasha ililala wapi usiku ule.

Fomu namba tatu ya polisi, PF3, inatolewa kituoni na kujazwa na daktari. Mtoto anayetoka damu hatakiwi kukaa kwenye benchi akiisubiri: atibiwe, fomu itafuata. Kasoro inayorudi kila mara ni daktari kuandika "amebakwa" na kuishia hapo. Mahakama inataka alichokiona: mchubuko wa ukubwa gani, upande upi, mpya au wa zamani. Tena asipoona jeraha, hiyo haimaanishi hakuna kilichotokea.

Saa 5:00

Hapa ndipo shauri na mtoto mwenyewe wanapoweza kupona au kuharibikiwa pamoja.

Kabla ya kufika kwangu, mtoto mara nyingi ameshaulizwa na mwalimu wa darasa, mwalimu mkuu, bibi, mwenyekiti na muuguzi. Kila mmoja kauliza kwa namna yake, na kila jibu limetofautiana kidogo na la kabla yake. Watu wazima wanahitimisha kwamba anadanganya. Hadanganyi. Hofu kali inapomshika mtoto, mwili humwaga adrenalini na kotisoli. Amigdala, sehemu ya ubongo inayopokea hatari, inafanya kazi kupita kiasi, na hipokampasi inayopanga matukio kwa wakati inayumba. Ndiyo maana anaweza kukumbuka harufu ya mafuta ya taa na mlio wa komeo, halafu asijue ilikuwa Jumanne au Jumatano. Wengine mwili huganda kabisa. Swali la "mbona hukupiga kelele?" linamwadhibu kwa jambo ambalo hakulichagua.

Kwa hiyo aulizwe mara moja, na mtu mmoja, mimi na askari wa dawati tukiwa tumekubaliana nani anaongea. Chumba chenye mlango, viti vya kimo kimoja, karatasi na penseli za rangi mezani. Namweleza mimi ni nani, na kwamba akisema "sijui" au "sitaki" ni jibu halali. Sitamwahidi siri, kwa sababu siwezi kuitunza. Kisha: "Niambie kilichotokea." "Halafu?" "Ulikuwa wapi?" Ukimuuliza "baba mdogo alikushika, si ndiyo?" umeshamwekea jibu mdomoni. Akinyamaza, nanyamaza naye.

Umri hubadili dalili. Wa chini ya miaka mitatu hupoteza maneno aliyokwisha kuyajua na kulia ukimweka chini. Wa chekechea huanza tena kukojoa kitandani, na mchezo wake ni ule ule kila siku. Wa shule ya msingi huumwa tumbo kila asubuhi, alama zinashuka, darasani anatazama dirishani, na hapo ndipo anapochapwa kwa uzembe, yaani jeraha juu ya jeraha. Kijana hutoroka, hunywa, hujikata. Utafiti wa Vincent Felitti, Robert Anda na wenzao uliotolewa Marekani mwaka 1998 ulionyesha kwamba kadiri mtu alivyopitia aina nyingi za madhila utotoni, ndivyo ukubwani anavyozidi kuandamwa na maradhi ya moyo, ulevi, sonona na majaribio ya kujiua. Lakini mtoto aliye na mtu mzima mmoja asiyebadilika badilika, chakula kwa saa zake, usingizi na shule, hurudi. Nimewaona wakirudi, na hilo ndilo linanifanya nigombane na watu mchana.

Saa 8:00 mchana

Mtendaji wa kijiji anapiga: "Mama Ustawi, wazee wameshakaa. Wamekubaliana ng'ombe wawili."

Makosa haya hayamalizwi kifamilia. Kumbaka mtoto ni kifungo kisichopungua miaka 30, na mtoto akiwa chini ya miaka 10, kifungo cha maisha. Ng'ombe hulipwa baba, mtoto anaendelea kupishana na aliyemuumiza njiani kwenda kisimani. Kijijini nawaamkia wazee kwanza, nakaa, nasikiliza, kisha nasema hivyo bila kuzungusha. Mtuhumiwa akiwa wa nyumba hiyo hiyo, bora aondoke yeye. Isipowezekana, mtoto anakwenda kwa ndugu tuliyemkagua au kwa familia ya kuaminika, akiwa na madaftari na sare zake.

Saa 10:00 jioni

Jalada. Mashauri mengi yanavunjika kwa vitu vidogo. Umri lazima uthibitishwe kwa cheti cha kuzaliwa, kadi ya kliniki au mzazi atakayeapa. Tangu marekebisho ya 2016 ya Sheria ya Ushahidi, mtoto asiyezidi miaka 14 anaweza kutoa ushahidi bila kiapo, ila ni lazima kwanza aahidi kusema kweli na kutosema uongo, na ahadi hiyo ionekane kwenye mwenendo wa shauri, yaani kumbukumbu zinazoandikwa mahakamani. Isipoandikwa, ushahidi wake unaweza kuondolewa kwenye rufaa, hata kama ulikuwa wa kweli tupu. Kwa hiyo naandika pembeni, kwa kalamu nyekundu, nimkumbushe mwendesha mashtaka.

Shahidi wa kesho ana miaka tisa. Nampigia bibi yake: wafike saa 2:00, aje na sweta, anywe uji kabla ya kutoka. Namweleza mjukuu atasikilizwa faraghani, na kwamba usiku huu asimfanyishe mazoezi ya majibu.