Kamati Zetu Zinahitaji Mikono Mipya

Katika mkutano mkuu uliopita wa klabu yetu, mwenyekiti alipouliza ni nani angejitolea kuingia kamati ya burudani, ukumbi mzima ulinyamaza na macho yakainama, mpaka mweka hazina, ambaye tayari anatumikia kamati mbili, akainua mkono. Niliumia kumwona. Ninaamini walionyamaza si wavivu, bali wanadhani kamati ni za wazoefu, ilhali kazi nyingi ni ndogo: kupiga simu kuulizia ukumbi, kuandika majina ya waliolipa ada, kupanga viti kabla wageni hawajafika. Mimi nilianza kwa kushika daftari la mahudhurio, na baada ya miezi michache nikawajua kwa majina wanachama ambao kwa miaka mingi tulikuwa tukisalimiana tu mlangoni.

Viongozi nao wasingoje mkutano. Wamfuate mwanachama mmoja mmoja, wamweleze kazi yenyewe, muda wake na kikomo chake, kwani ombi linapotolewa kwa watu wote kwa pamoja, kila mtu hudhani linamhusu mwenzake. Nawe uliyesita siku ile, nafasi ya katibu msaidizi bado iko wazi.